Jukwaa la Likizo: Kutoka Bewa la Mjini hadi Mashamba ya Chai

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne katika eneo la Kericho au Bomet husoma tamthilia jinsi anavyosoma riwaya. Huketi na kitabu mezani, kalamu mkononi, akisaka maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi. Wengi wa wanafunzi wetu hufanya mtihani wa tamthilia bila kuwahi kuona tamthilia ikichezwa na watu wazima mbele ya watu wazima. Wakiulizwa hadhira ni nani, hutaja msomaji. Wakiulizwa jukwaa ni nini, hulifafanua kwa maneno ya kamusi.

Hali hii ina historia. Tamthilia ya Afrika Mashariki tunayoitahini leo ilikuzwa kwa kiasi kikubwa katika mabewa ya vyuo vikuu vya mijini, hasa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mengi ya maonyesho hayo yalifanyika nje ya ratiba ya masomo, na likizo ilipofika wanafunzi walipakia mavazi na ngoma garini wakaenda kucheza mashinani. Makala haya yanafuatilia safari ya jukwaa hilo la likizo, yanaeleza lilivyozimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha yanajadili inachomaanisha historia hiyo kwa mwalimu anayefundisha tamthilia katika nchi ya chai. Hoja yetu kuu ni kwamba kitabu cha tamthilia kiliingia katika kila darasa la Kenya wakati ule ule jukwaa lilipokuwa likifungwa, na kwa hivyo mwalimu wa Kiswahili amerithi kazi ya wale waliokuwa wakizunguka na gari.

Makerere: Sherehe za bewa na swali la lugha

Mwezi wa Juni 1962, Chuo cha Makerere mjini Kampala kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ezekiel Mphahlele. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Makerere, alihudhuria pia. Hata hivyo, mkutano ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Kwa kigezo hicho, Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, tenzi na nathari kwa Kiswahili kwa miaka mingi, hakuwa na kiti pale. Mwezi huo huo wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kuikumbuka sadfa hii, kwa sababu inaonyesha mapema kasoro iliyoandamana na sherehe za fasihi za bewa: zilikuwa na vipaji, ukumbi na msisimko, lakini lugha yake haikuwa ile ya watu walioishi nje ya lango.

Novemba mwaka huo huo, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit, tamthilia ya Ngugi, katika ukumbi wa kitaifa wa maigizo wa Uganda mjini Kampala. Onyesho hilo lilikuwa sehemu ya sherehe za uhuru wa Uganda. Mhusika mkuu ni Remi, kijana wa kabila lake aliyesoma hadi chuo kikuu, kisha akajificha mjini badala ya kurudi kwa watu wake. Dhamira hiyo ni ya msomi na kijiji, lakini kijiji chenyewe kisingeweza kuufuata mchezo uliochezwa kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1965 hatua muhimu ilipigwa. Idara ya Kiingereza ya Makerere, chini ya uongozi wa David Cook, ilianzisha kundi la maigizo la kuzunguka. Wanafunzi walisafiri Uganda na Kenya wakati wa likizo, wakicheza michezo mifupi katika shule, kumbi za mitaa na viwanja vya wazi. Waliigiza kwa Kiingereza na pia kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwemo. Baadhi ya michezo ya Kiingereza ya kipindi hicho ilichapishwa mwaka wa 1968 katika mkusanyiko uliohaririwa na Cook pamoja na Miles Lee. Kwa mara ya kwanza bewa lilitoka kwenda kuitafuta hadhira, na mara lilipotoka likagundua kwamba lazima libadilishe lugha.

Nairobi: Mwaka wa 1974

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mjadala ulianza na karatasi. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka uliopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi na lugha za Afrika. Fasihi simulizi na fasihi ya Kiswahili zilitajwa miongoni mwa mizizi ya fasihi yetu.

Matokeo ya mjadala huo yalionekana waziwazi mwaka wa 1974. Mambo matatu ya mwaka huo yanafaa kuwekwa pamoja. Mosi, mwezi wa Julai Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumiwe bungeni. Pili, mwezi wa Septemba walimu wa shule za upili na wahadhiri walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni. Tatu, Idara ya Fasihi ilianzisha kundi lake la maigizo la kuzunguka, likiongozwa na John Ruganda, mwandishi wa tamthilia kutoka Uganda. Kundi hili halikutoza kiingilio, na neno la kuonyesha kwamba maonyesho ni ya bure liliwekwa katika jina lake lenyewe. Likizo ilipofika, wanafunzi walienda katika shule, kumbi na masoko ya mikoani.

Mwalimu atambue kuwa uamuzi wa kutotoza kiingilio ulikuwa wa kisanaa pia. Hadhira isiyolipa tiketi haina sababu ya kuvumilia mchezo usioeleweka. Ikichoka huondoka, na ikipendezwa hujibu kwa sauti. Mwigizaji aliyezoea kimya cha ukumbi wa mjini alilazimika kujifunza kuinua sauti, kutumia wimbo, kurudia jambo muhimu na kucheza huku mbwa na watoto wakipita katikati. Mbinu hizo ni zile zile za fanani wa fasihi simulizi. Tunapowaeleza wanafunzi kwamba tamthilia ya Kiafrika imeathiriwa na fasihi simulizi, tuwaeleze pia sababu hii ya kazi yenyewe.

Ukumbi wa ng'ambo ya barabara

Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi ulifunguliwa mwaka wa 1952. Uko hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, ukitazamana na Hoteli ya Norfolk, katika barabara inayoitwa leo Harry Thuku. Karibu na hapo, mwezi wa Machi 1922, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakidai Harry Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa.

Mwezi wa Oktoba 1976 tamthilia mbili zilitayarishwa hapo kabla ya kupelekwa Lagos katika tamasha la sanaa za watu weusi la mwaka wa 1977. Moja ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi na Micere Githae Mugo, ambayo Kiswahili chake kilitoka kwa jina Mzalendo Kimathi. Nyingine ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Watayarishaji walipewa siku chache tu, zilizobanwa katikati ya maonyesho ya kigeni. Ukumbi ulioitwa wa kitaifa ulikuwa bado na wenyewe wengine. Licha ya hayo watu walifurika, na mchezo wa Kimathi ulipomalizika, hadhira ilitoka nje ikiimba pamoja na waigizaji. Ilikuwa ikiimba katika barabara ile ile ya mwaka wa 1922.

Hapa pana funzo la uhakiki. Mandhari ya tamthilia huweza kuzidi yale yaliyoandikwa chini ya kichwa "Onyesho la Kwanza". Mahali mchezo unapochezwa huongeza maana ambayo kitabu hakina.

Kamiriithu, Dar es Salaam na mashamba

Mwaka wa 1977 baadhi ya watu wa bewa waliacha mtindo wa kuzunguka na kurudi. Huko Kamiriithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu wakisaidiana na wanakijiji. Kimani Gecau wa Idara ya Fasihi aliuongoza mchezo. Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Waigizaji wengi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa. Kabla ya mwaka kwisha Ngugi alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kiswahili cha mchezo huo, Nitaolewa Nikipenda, kilichapishwa mwaka wa 1982.

Kamiriithu ilionyesha kwamba mchumaji chai anaweza kuwa mwigizaji, mhakiki na msahihishaji wa hati. Lakini pia ilitegemea hali ambayo si ya kila mahali: wengi wa majirani walizungumza lugha moja ya mama.

Dar es Salaam swali hili la lugha lilikuwa limejibiwa kwa njia nyingine. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka wa 1969, ilitokana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iliandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo miongoni mwa vyanzo vyake ni kulazimishwa kwa watu kulima pamba. Mwaka wa 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na mwaka uliofuata likaanza tamasha la sanaa la kila mwaka mjini humo. Msanii wa Dar es Salaam hakuhitaji kutafsiri mchezo wake ili utoke langoni.

Nchini Kenya, aliyezileta pamoja njia hizi mbili ni Alamin Mazrui, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta. Tamthilia yake Kilio cha Haki ilichapishwa mwaka wa 1981. Imeandikwa kwa Kiswahili, na mandhari yake ni shamba kubwa la mlowezi, Delamon. Anayewaongoza wafanyakazi katika kudai haki ni mwanamke, Lanina. Anapambana na mwajiri, na papo hapo anapambana na wanaume wanaoona uongozi si kazi ya mwanamke. Kwa msomaji wa Kericho, hakuna haja ya kueleza mandhari hayo. Mashamba makubwa ya chai yalianzishwa hapa na kampuni za Kiingereza katika miaka ya 1920, na tangu hapo kambi za wafanyakazi zimekaliwa na Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengine, bega kwa bega. Lugha waliyokutania ni Kiswahili. Tamthilia ya wafanyakazi wa shamba, kwa lugha ya wafanyakazi wa shamba, ilikuwa imeandikwa. Kilichobaki ni kuifikisha kwao.

Mwaka wa 1982 na baada yake

Haikufika. Mapema mwaka wa 1982 kundi la Kamiriithu lilinyimwa Ukumbi wa Kitaifa kwa ajili ya mchezo wa Maitu Njugira. Lilihamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kutazama mazoezi tu, hadi milango ya chuo nayo ikafungwa. Tarehe 12 Machi ukumbi wa wazi wa Kamiriithu ulibomolewa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Mashairi yaliyotokana na kipindi hicho yamo katika Chembe cha Moyo, diwani iliyotoka mwaka wa 1988. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, vyuo vikuu vilifungwa kwa zaidi ya mwaka.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza na Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Mwaka wa 1989 mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa. Kwa hiyo, katika muda usiozidi miaka saba baada ya jukwaa la bewa kuvunjwa, tamthilia ya Kiswahili ilianza kuwekwa mbele ya kila mtahiniwa nchini, pamoja na mtoto wa mchuma chai. Ilimfikia kama kitabu, na imeendelea kumfikia hivyo: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha ya Arege.

Tusidharau faida hiyo. Gari la likizo lilifika vijiji vichache na kuondoka kesho yake. Kitabu hukaa, na hakihitaji leseni ya kusomwa. Mtemi Bokono na wafanyakazi wanaogoma katika mji wa Cheneo wamejadiliwa katika madarasa ambayo hayangeruhusiwa kuona mambo hayo jukwaani miaka ya 1980. Lakini tulichopoteza ni hadhira. Mzazi wa mwanafunzi wetu hayumo tena katika mchezo.

Jukwaa pekee kubwa lililobaki kwa vijana ni tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka wa 1959 na ambalo kilele chake huwa likizo ya Aprili. Nalo halijawa salama kila mara. Mwaka wa 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku hadi mahakama ilipoingilia kati. Mwezi wa Aprili 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walifika Nakuru na mchezo mwingine, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe. Polisi walirusha vitoa machozi nje, nao wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kucheza. Ngugi wa Thiong'o alifariki mwezi uliofuata, tarehe 28 Mei 2025. Anayedhani historia tuliyoieleza hapo juu ni ya kale ayatafakari matukio hayo.

Mwalimu afanye nini?

Kwanza, tamthilia isomwe kwa miguu. Katika darasa langu moja la Kidato cha Tatu tuliigiza tukio la Siki, daktari katika Mstahiki Meya, anapomwendea Meya kueleza shida za zahanati. Mwanafunzi aliyeigiza Siki alibaki amesimama karibu na mlango muda wote ingawa kulikuwa na kiti. Nilipomuuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, kwetu kambini mtu haketi mbele ya mnyapara mpaka aambiwe." Mjadala uliofuata kuhusu mamlaka, kusimama na kuketi, ulitufikisha mbali kuliko orodha ya sifa za Meya tuliyokuwa tumeandika wiki iliyotangulia. Watahiniwa wale walianza kuyasoma maelezo ya jukwaani, ambayo wengi huyaruka.

Pili, hadhira irudishwe. Katika sehemu zetu wakulima wadogo, ambao tangu mwaka wa 1964 wamehudumiwa na shirika la chai la KTDA, hukusanyika katika vituo vya kununulia majani wakingoja lori la kiwanda. Lori likichelewa hungoja saa nyingi. Hiyo ni hadhira iliyokwisha kukutana, na haihitaji tangazo. Onyesho la dakika ishirini kutoka kitabu teule, likichezwa na wanafunzi wakati wa likizo ya Agosti kwa idhini ya mwalimu mkuu na wazazi, lingewapa wanafunzi jambo ambalo darasa haliwezi: mtu mzima anayecheka mahali ambapo hawakutarajia, au anayekataa mwisho wa mchezo. Mvua ya alasiri ya Kericho iwekwe katika mipango tangu mwanzo.

Tatu, wanafunzi watunge. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa mashambani Kericho na watu waliohofia kazi zao. Katika tukio hilo mna migogoro, wahusika wa pande zote na maswali yasiyo na jibu jepesi: mchumaji anayepoteza riziki, dereva wa mashine ambaye pia ana watoto, meneja anayehesabu gharama, kijana aliyeshika kiberiti. Mtunzi chipukizi hawezi kulalamika kwamba hana maudhui. Amshauri mwalimu wake, na mwalimu amwelekeze kusikiliza pande zote kabla ya kuandika.

Hitimisho

Historia ya jukwaa la likizo inaonyesha kwamba bewa la mjini lilikuwa na nguvu kila lilipotoka langoni, na kwamba kila lilipotoka lilikutana na swali la lugha. Makerere ililikwepa mwaka wa 1962 na kuanza kulijibu mwaka wa 1965. Kamiriithu ililijibu kwa lugha ya kijiji. Kilio cha Haki ililijibu kwa Kiswahili, na jibu hilo ndilo linalofaa zaidi mahali ambapo kambi moja ina lugha nne au tano za mama. Leo eneo letu lina Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2013, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet, kilichoanzishwa mwaka wa 2017. Bewa limetufuata hadi katikati ya michai. Wanaosomea ualimu wa Kiswahili humo wanaweza kuvuka barabara tu wakakutana na hadhira ambayo wenzao wa mwaka wa 1974 waliisafiria siku nzima. Walimu tulio karibu nao tuwaalike shuleni kwetu mapema, kabla ya likizo ya Agosti.

Maswali ya kujadili darasani

1. "Mahali tamthilia inapochezwa ni sehemu ya maana yake." Jadili ukirejelea tamthilia teule uliyoisoma.

2. Eleza namna hadhira isiyolipa kiingilio inavyoweza kuathiri mtindo wa mwandishi wa tamthilia.

3. Linganisha nafasi ya mwanamke kama kiongozi katika Kilio cha Haki na katika Kigogo.

4. Chagua onyesho moja katika kitabu teule, kisha uandike maelezo ya jukwaani ya kulichezea katika kituo cha kununulia majani chai. Eleza sababu za mabadiliko utakayoyafanya.